Vijaluba vya Kauri vya Sikukuu: Anza na Bawaba

Kabla hujauliza bei ya kijaluba cha kauri, yaani kile kikopo kidogo chenye mfuniko wa bawaba, kifungue, halafu kifunge karibu na sikio. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo, maana mengi nitakayoeleza yanatoka kwenye mlio huo. Kijaluba kizima hulia mara moja, tki, mlio mkavu. Kikilia mara mbili, bawaba imelegea. Kikikwaruza, mdomo na mfuniko havikutani sawasawa, na iko siku kitameguka ukingoni. Kisipolia kabisa, ama kishikizo kimepinda ama kuna mtu alishakitia gundi.

Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko upande wa Makoroboi, hapa Mwanza, chini ya mwavuli, na siku hizi wateja wa saa ni wachache kwa sababu kila mtu ana saa ndani ya simu. Nabadilisha betri, nafupisha mikanda, naunga miwani iliyokatika miguu. Mwaka 2009 mama mmoja, muuguzi mstaafu, akanijia na kitu ambacho hakikuwa saa wala miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, hiki nacho utakiweza?"

Akafungua leso. Ndani kulikuwa na bata mweupe wa kauri, ukubwa wa limau, kachorwa utepe mwekundu shingoni. Bata alikuwa vipande viwili, lakini hakuvunjika, ndivyo alivyoumbwa: nusu ya juu ni mfuniko, nusu ya chini ni kijaluba, na kila nusu imezungushiwa pete nyembamba ya shaba njano mdomoni. Pini ya bawaba ilikuwa imepotea. Nikachonga nyingine kutoka kwenye waya wa shaba wa saa ya ukutani iliyokufa, nikaipitisha, nikaigonga ncha zote mbili kidogo tu isichomoke, nikatia tone la mafuta ya saa kwa ncha ya sindano. Tki. Alipokuja Jumamosi kumchukua bata wake, mkono wangu ukawa mzito kumrudishia. Ugonjwa ulianzia hapo. Leo ninavyo ishirini na vitatu, na mke wangu amenitangazia kwamba cha ishirini na nne kikiingia mlangoni, mimi nitoke.

Ni kitu gani hasa

Nasema kijaluba kwa sababu ndilo neno lake. Watu wa pwani waliita hivyo kile kikopo kidogo cha kutilia tambuu au tumbaku. Hivi vya Ulaya navyo vilianzia huko huko kwenye tumbaku: katika karne ya 18 mabwana wa Ufaransa walikuwa wakinusa ugoro, na kila bwana alitembea na kijaluba mfukoni. Babu yangu kule Ukerewe alikuwa na chake pia, kikopo cha bati kilichokuwa cha dawa, na kilikata kiu ileile.

Tofauti ni udongo. Kauri hutokana na kaolini, udongo mweupe laini, unaochanganywa na madini ya felspa na kwatzi, kisha huchomwa kwenye tanuri hadi nyuzi joto 1,400 hivi. Wachina waliijua kazi hiyo karne nyingi kabla ya wengine. Ulaya ilikuja kuifumbua mwanzoni mwa karne ya 18, na kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kikaanza mwaka 1710. Wafaransa walipata kaolini yao miaka ya 1760 Saint-Yrieix, kusini mwa mji wa Limoges. Husimuliwa kwamba mke wa tabibu mmoja ndiye aliyeuona udongo huo, akadhani utamfaa kufulia nguo zitakate. Limoges ni mji wenye viwanda vingi, kwa hiyo jina hilo chini ya kijaluba linakuambia kimetoka wapi, halikuambii nani alikitengeneza. Anayekuuzia akisema "hii ni kampuni ya Limoges" naye amesikia kwa mwenzake. Sisi tuna kaolini vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, na sijui tunangoja nini.

Kukikagua kabla pesa haijatoka

Hapa usione haya. Nenda na simu yenye tochi, kijiti cha pamba cha masikio na, ukiweza, ile lenzi ya jicho tunayotumia mafundi saa. Muuzaji akikasirika kwa sababu unaangalia bidhaa, mshukuru uondoke.

Kwanza, kiweke shavuni. Kauri ni baridi, hata ikiwa imeshinda kwenye jua la saa nane huanza kupoa mara tu ukiitia kivulini. Rezini, yaani plastiki ngumu inayomiminwa kwenye kalibu, haina baridi hiyo, na ukiipima mkononi mara nyingi ni nyepesi kama gunzi. Nalijua hili kwa gharama. Niliwahi kununua kijaluba kwa picha za simu, kengele yenye majani ya kijani, nikatuma shilingi 60,000, kikaja na basi kutoka Dar. Nilipokishika tu nikajua. Nikampigia muuzaji, akaniambia, "Si umeona picha, mzee wangu?" Kweli nilikuwa nimeiona. Tangu siku hiyo sinunui kitu ambacho shavu langu halijakigusa.

Pili, washa tochi ya simu, fungua mfuniko, weka mwanga kwa ndani. Kauri nyembamba itawaka kwa ndani kama yai linalokaguliwa, utaona hata kivuli cha kidole chako upande wa pili. Udongo wa kawaida haupitishi mwanga. Shaba iliyopakwa enameli, yaani rangi ya kioo iliyoyeyushwa motoni, nayo haipitishi, na hiyo ni jamii nyingine: Waingereza walivitengeneza vya namna hiyo karne ya 18, huko Bilston na kwingineko, na palipobanduka utaona shaba chini ya rangi. Si vibaya hata kidogo. Ila usilipie kitu kimoja kwa jina la kingine.

Mwanga huohuo utakuonyesha ufa. Ufa uliojificha chini ya ua lililochorwa hujitokeza kama unywele. Ukiwa na shaka, shika pete ya shaba kwa vidole viwili na ugonge kauri kwa ukucha. Nzima hulia kama glasi. Yenye ufa hulia kama kibuyu kikavu.

Tatu ni pete na bawaba, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapodanganyika kwa kutazama ua na kusahau shaba. Geuza kijaluba ubavu, kifunge, kitazame kuelekea dirishani. Mstari kati ya mfuniko na mdomo uwe mwembamba na sawa mzunguko wote. Ukiona mwanga upande mmoja tu, mfuniko umewahi kuanguka. Halafu ukifungue nusu na ukiachie: mfuniko mzuri hushuka taratibu au hukaa hapo hapo, wenye bawaba iliyolika huanguka kama mlango wa banda. Angalia kwa lenzi mahali pete inapokutana na kauri. Fundi mzuri hukunja shaba ikabana ukingo wenyewe. Ukiona ute uliokauka wa rangi ya asali, hiyo ni gundi ya duka, na gundi ya duka ikizeeka huwa njano, hukatika, na huondoka na kipande cha rangi. Kutu ya kijani kidogo haina neno, husafishika. Pini ya chuma badala ya shaba inabadilishika pia, ila ushushe bei, kwa sababu chuma kigumu hula matundu ya bawaba kidogo kidogo.

Rangi sasa. Chini ya vijaluba vya Limoges utakuta mara nyingi maneno *Peint Main*, yaani kimechorwa kwa mkono. Ukikuta *Rehaussé Main*, maana yake picha ilichapwa, kisha mkono ukaongeza mguso hapa na pale. Tofauti ya bei ni kubwa. Usiamini muhuri peke yake, tia lenzi: picha ya kuchapwa ina vitone vidogo vilivyojipanga, brashi ya mtu ina mwanzo na mwisho, mahali imelemea na mahali imekauka. Kisha, kwa ruhusa ya mwenye mali, lowesha kijiti cha pamba kwa mate na usugue sehemu ya chini isiyoonekana. Rangi iliyopita motoni haitoki. Pamba ikitoka nyekundu, mtu alipaka kwa kopo wiki iliyopita.

Mihuri ya nchi nyingine ina faida zake. Chenye neno *Nippon* kwa kawaida ni cha kabla ya 1921, kwa sababu mwaka huo Marekani ilianza kudai neno *Japan* kwenye bidhaa zinazoingia kwao. Chenye *Occupied Japan* ni cha baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kabla ya 1952. Na kuna vile vyenye herufi PHB (*Porcelain Hinged Box*, kijaluba cha kauri chenye bawaba), vya kampuni ya Marekani, Midwest of Cannon Falls, ambavyo vina kitu kidogo cha kauri ndani: kijaluba cha nje ni sura moja, ukifungua unakutana na kichekesho chake. Vya sikukuu ni vingi sana katika hivyo, na watoto huvipenda kuliko vya Limoges. Sibishani nao.

Wapi vinapatikana Mwanza

Duka la vitu hivi halipo, usilitafute. Mlango Mmoja watu huenda kwa nguo, lakini kwenye mitumba ya mchanganyiko hutokea vyombo, na kijaluba hukaa chini ya sahani na fremu za picha. Cha bei ya chini kabisa nilikipata hapo kwa shilingi 3,000, boga dogo la rangi ya machungwa, muuzaji akidhani ni kitilio cha chumvi kilichopotelewa na tundu. Minada ya makanisa nayo usiikose, na wageni wanaohama nchi wakiuza vitu vya ndani. Vipya vya Limoges huuzwa kwa mamia ya dola, hivyo ukiuziwa "kipya kutoka Ufaransa" kwa bei ya kuku, jua umenunua kuku.

Na uliza kwa mashangazi. Kabati la vioo sebuleni, nyuma ya vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kunywea, huwa na maajabu.

Kuosha

Usikizamishe majini. Maji huingia chini ya pete ya shaba, na kule hayatoki. Tumia mswaki laini wa mtoto, maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto kidogo, futa kwa fulana kuukuu, kikaushe kikiwa wazi kivulini. Dhahabu ya ukingoni haitaki ndimu, haitaki majivu, haitaki jiki. Kijaluba changu cha malaika kilipoteza mbawa za dhahabu kwenye bakuli la jiki usiku mmoja tu, na aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema kabisa, na bado ananipikia, kwa hiyo tuendelee.

Kuvipanga msimu kwa msimu

Kosa la kwanza la mkusanyaji ni kutoa vyote. Vijaluba ishirini na vitatu kwenye rafu moja ni duka. Mimi hutoa saba, basi. Wajenzi wa zamani wa pwani walikuwa na akili hii: walitengeneza zidaka ukutani, vishubaka vya chokaa, na vyombo vya kauri kutoka China vikakaa humo, kila kimoja na kivuli chake. Nyumba yetu ya Kitangiri ni ya matofali ya saruji, haina kidaka hata kimoja, nikamwomba seremala anitengenezee rafu ya mninga yenye vyumba saba, kina chake kama upana wa kiganja. Ipachike usawa wa macho ya mtu aliyekaa, maana wageni hukaa. Na iwe juu ya mkono wa mtoto anayejifunza kutembea.

Desemba natoa vyekundu na vyeupe: kengele, malaika asiye na mbawa, mti wa misonobari, nyumba yenye theluji juu ya paa. Kwa theluji, nyumba nyingi hapa hutumia pamba kwenye mti wa Krismasi, na sisi Usukuma pamba si ya kununua dukani, shemeji yangu wa Kwimba huniletea mfuko. Lakini pamba usiitandike chini ya kijaluba moja kwa moja. Nilifanya hivyo mwaka mmoja. Mjukuu akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, na uzi mmoja wa pamba ukajisokota ndani ya bawaba mpaka pini ikapinda. Nilitoa uzi ule kwa kibano chini ya lenzi, jioni nzima, kama natoa mwiba kwenye kidole cha mtu. Sasa natandika kitambaa cha kufuma cha mke wangu kwanza, pamba nyuma yake, mbali na shaba.

Taa ndogo za rangi zinapendeza, ila kumbuka tunakaa ziwani. Ule moshi unaosimama juu ya maji na kumbe si moshi, wale vidudu, hutoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama, na hufuata taa. Usiku mmoja wa dirisha wazi unatosha kukujazia kila chumba cha rafu, na wakipondwa huacha mafuta ya kijani ambayo yakikauka kwenye dhahabu hayatoki bila kusugua. Kwa hiyo Desemba huwa natazama mwezi. Ukiandama, taa za rafu hazizidi saa moja na nusu usiku, na dirisha la upande wa ziwa linafungwa.

Pasaka ni vya umbo la yai na kile cha sungura. Idi natoa vya nyota na mwezi, na kimoja cha tende, kwa sababu jirani yetu huja na watoto wake kutupa mkono wa Idi na hawezi kukuta malaika tu. Juni, Bujora wanapocheza Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, jina lenyewe ni maua, natoa vya maua. Agosti nina furaha yangu ya pekee. Lile boga la shilingi 3,000 Wamarekani hulitengeneza kwa sikukuu yao ya Oktoba ya kutishana, mimi nalitoa Nane Nane, limekaa na hindi la kauri, kabichi, na samaki wa Limoges ambaye wao walimkusudia kuwa wa mtoni kwao. Kwangu ni sato. Wageni wote wamekubali kuwa ni sato.

Kijaluba kitupu hakina kazi, tia kitu. Usitie pipi wala chakula chochote, rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake. Kwenye hindi nimeweka jino la kwanza la mjukuu. Kwenye sato kuna kifungo cha koti la baba, aliyekuwa mvuvi. Kwenye nyumba ya theluji mna tiketi iliyokunjwa ya kivuko cha Kigongo, ya zamani, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa mwaka 2025. Binti yetu aliyeolewa Sengerema alisubiri kivuko hicho mkesha wa Krismasi mpaka tukala pilau bila yeye. Baada ya chakula kila mtoto huchagua kijaluba kimoja, hukifungua, na sharti aseme kilichomo ni cha nani. Asiyejua huambiwa. Hapo bawaba ndipo zinapofanya kazi yake, na ndiyo sababu nimekusumbua nazo mwanzo hadi sasa.

Kuvirudisha

Trei la mayai. Hakuna sanduku la bei mbaya linalolishinda, kila kijaluba kinaingia shimo lake. Kifunge kwa kipande cha kanga kuukuu iliyokwisha kutoa rangi, usitumie gazeti, wino wake huhamia. Weka karatasi laini iliyokunjwa kati ya mfuniko na mdomo ili kauri isisuguane na kauri. Sponji ya godoro usiitumie, hulika na kunata. Tia vipande viwili vya chaki kwenye katoni, hunyonya unyevu wa mvua, andika juu yake msimu, weka chini ya kitanda na wala si juu ya kabati.

Nimesema natoa saba. Kwa Krismasi hutoa sita tu, chumba cha kati nakiacha wazi. Yule mama muuguzi bado yupo, anatembea na fimbo sasa, na kila wiki ya kwanza ya Desemba huniletea bata wake nimtie mafuta. Kazi yenyewe ni dakika mbili. Namwambia, "Mama, mwaka huu foleni ni ndefu, njoo baada ya sikukuu."